Mashine Haina Ubaya

Mtu akikaa miaka thelathini na minne akizifufua mashine za kahawa za watu, kisha mashine ya jikoni kwake mwenyewe imshinde, majirani wana haki yao ya kucheka. Nevio Tessarin alilijua hilo, na ndiyo maana majirani wa mtaa wake kule Reservoir, kaskazini mwa Melbourne, hawakuambiwa kitu. Aliyeambiwa ni mkewe Glenda tu, maana yeye ndiye aliyekuwa akiinywa hiyo kahawa.

Uongo wa kwanza aliutoa Februari. Kahawa ilitoka chachu na nyepesi, na Glenda hakusema neno, lakini Nevio alijitetea kabla hajashitakiwa. "Pampu hiyo," akasema. "Inachoka." Machi ikawa si pampu tena, ni mpira wa kuzibia. Aprili ikawa boila. Mei alipoishiwa vipuri vya kusingizia akasema ni umri tu, mashine ina miaka ishirini na mbili, nayo imechoka kama kiumbe kingine chochote. Kila Jumamosi alitandaza gazeti mezani, akaifungua skrubu moja moja, akaifuta, akairudisha vilevile. Kazi aliyokuwa akiifanya kwa saa moja sasa ilimchukua nne. Na hakukuwa na cha kutengeneza. Mashine ilikuwa nzima kama siku ilipotoka dukani. Kilichoharibika ni mkono wake wa kulia.

Mkono ulikuwa unatetemeka. Ukiwa umelala pajani ulitulia kama wa mtu mwingine yeyote. Ukiuagiza kazi, ndipo unapoanza. Na espreso haimstahi mtu wa mkono wa namna hiyo. Unga wa kahawa ukishasagwa unatiwa kwenye kichujio chenye mpini, kisha unashindiliwa kwa kishindilio mpaka uso wake ulale sawasawa. Ukishindilia upande, maji ya moto yanatafuta pale palipolegea, yanapita hapohapo mbio, na kahawa nyingine hayaigusi. Unachopata kikombeni ni uchachu na uchungu kwa pamoja. Nevio alikuwa amewafundisha jambo hili vijana wa mikahawa isiyo na idadi, tena bila huruma. "Mashine haina ubaya," alikuwa akiwaambia huku anafunga sanduku lake la vifaa. "Ubaya ni mkono wako." Sasa maneno yale yalikuwa yamemrudia mwenyewe, na hakuyapenda hata kidogo.

Machi hiyohiyo aliacha kutumia visahani. Alimwambia Glenda kwamba visahani ni mbwembwe za mikahawani, vinaongeza vyombo vya kuosha bure. Kweli yenyewe ni kwamba kikombe juu ya kisahani, mkononi mwake, kiligonga toka jikoni hadi chumbani. Glenda akasema sawa. Baadaye Nevio akasema goti linamsumbua, afadhali Glenda ndiye aendeshe gari. Glenda akasema sawa. Yeye husema sawa kwa mambo mengi, na asiyemjua hudhani ameafiki.

Ungemuuliza Nevio kwa nini asimwambie mkewe ukweli, angekufukuza kwake. Lakini sababu zilikuwepo, mbili.

Ya kwanza ni baba yake. Mzee Tessarin alitoka Veneto akiwa na mikono ya kujenga kuta, akamalizia maisha yake kwenye kiti hapo Preston, mikono ikimtetemeka, mkewe akimlisha supu kwa kijiko mbele ya wageni, kitambaa shingoni. Nevio alikuwa mmoja wa hao waliotazama. Hakukisahau kile kijiko, wala hakuwahi kukizungumzia.

Ya pili ndiyo kubwa. Tangu wiki waliyooana, mwaka themanini na sita, kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu Nevio alimpelekea Glenda kikombe cha kahawa kitandani. Kikombe kidogo cha kahawa nyeusi, chenye tone la maziwa juu. Hakuwahi kukosa, hata asubuhi walizokuwa hawasemeshani. Siku hizo alikiweka kando ya kitanda akatoka bila kumtazama, naye Glenda akakinywa bila kumtazama. Nevio hakuwa mtu wa maneno matamu. Neno nakupenda alikuwa amemwambia mkewe mara mbili: siku ya harusi, na siku timu yao ilipotwaa kombe, na siku zote mbili alikuwa amekunywa. Mengine yote yalikuwa ndani ya kikombe. Glenda akijua mkono umekufa atasema, kwa wema kabisa, usijisumbue mume wangu, chai najua kujipikia. Basi hapo ndipo Nevio atakuwa amekwisha. Alikuwa radhi aitwe fundi mbovu kuliko kuyasikia maneno hayo.

Tegemeo lake lilikuwa ulimi wa Glenda. Glenda alitoka Wangaratta, shambani, kwa watu wa chai ya maziwa na kahawa ya unga wa kopo. Siku ya kwanza Nevio alipompikia kahawa nyumbani kwa akina Tessarin, mbele ya mama mkwe wake na shemeji watatu, wote wamemkodolea macho kusubiri hukumu, Glenda alionja, akatabasamu, akasema, "Nzuri. Lakini kwangu mimi kahawa yote ni kahawa." Loo! Nyumba nzima iliangua kicheko. Kwa miaka thelathini na minane Nevio aliirudia hadithi hiyo kila Krismasi. "Mke wangu mzuri," husema, "ila ulimi wake ni wa chai." Sasa ulimi huo wa chai ndio uliokuwa unamsitiri.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Jumatano moja ya Juni, baridi imeuma mpaka nyanya zilizobaki bustanini zimesinyaa, Glenda alirudisha kikombe jikoni kikiwa kitupu kama kawaida, akakiweka kwenye sinki.

"Jumamosi tunakwenda kununua mashine mpya," akasema.

"Mpya ya nini? Nimeshaagiza kile kifaa cha kupimia joto. Nikikibadilisha tu..."

"Umeshabadilisha kila kitu isipokuwa jina lake."

"Glenda, mashine hizi wewe huzijui."

"Sizijui, lakini wewe unazijua, na unaniambia inakufa tangu Februari. Maiti haikai ndani miezi minne, Nevio. Tuizike, tununue nyingine."

Angesema mashine nzima, angekuwa amejitia kitanzi. Akasema sawa. Nyumba ile ilikuwa imejaa sawa.

Duka lenyewe lilikuwa Thornbury, karibu na reli ya tramu. Nevio aliingia mikono mifukoni. Mashine zimepangwa ukutani nyekundu, nyeupe, za chuma tupu, na upande wa pili ukuta mzima wa vikorokoro: vishindilio vya jara, ule mti mgumu wa Australia, majagi ya maziwa, mizani ya kupima mpaka nusu gramu, brashi, na kijiti chenye sindano sita nyembamba cha kuchambulia unga usigande.

"Hiki ni cha kahawa au cha kudarizi?" akauliza.

"Kinasaidia, mzee," alisema msichana wa dukani, mwembamba wa miwani, kama wa miaka thelathini hivi, jina lake Quyen limeandikwa kifuani. "Karibuni. Ya nyumbani au ya biashara?"

"Ya nyumbani," alisema Glenda. "Ya kwetu imekufa."

"Poleni. Ilikuwa aina gani?"

Nevio akaitaja kwa sauti ya chini.

"Ile ya sanduku la chuma?" Quyen akastaajabu. "Mama, hizo huwa hazifi! Tunazo mbili hapo nyuma, moja ina miaka thelathini, inapiga kazi kila siku. Imekufaje?"

Glenda akamgeukia mumewe kusikiliza, kwa adabu zote.

"Imekufa," alisema Nevio. "Mambo mengi."

Quyen hakuchimba. Akawatembeza. Alianza na mashine moja nyeupe, laini, isiyo na mpini wala mkono wowote: unamwagia buni juu, inasaga yenyewe, inashindilia yenyewe, inamimina. Kazi yako ni kidole kimoja.

"Hiyo ipite," alisema Nevio upesi, hata kabla msichana hajamaliza. Mashine za aina hiyo alikuwa amezipa jina tangu zamani, akilitumia kumkejeli kila shemeji aliyethubutu kuinunua. Aliziita mashine za wasio na mikono. Safari hii jina lilimjia mdomoni akalimeza.

Wakafika kwenye mashine ya chuma yenye mpini, inayofanana na ya kwao, ila ni mpya. Nevio akaitazama kifuani, pande zote mbili, akaguna. Ilikuwa mashine nzuri. Kwa nini isingekuwa nzuri? Hata ile ya nyumbani ilikuwa nzuri.

"Niwaandikie bei," alisema Quyen akichukua kalamu. "Jina nani?"

"Tessarin."

Kalamu ikasimama. "Tessarin wa vibandiko?"

Glenda akacheka. Kwa miaka thelathini na minne Nevio alibandika kibandiko cha njano kwenye kila mashine aliyoitengeneza, jina na namba ya simu, na nusu ya mikahawa ya kaskazini ilikuwa bado inavyo.

"Mzee, nilijifunzia kazi kwenye mashine yako!" Quyen alisema, uso umemchangamka. "High Street, pale kwenye kona. Kibandiko chako kilikuwa mbele ya macho yangu miaka mitatu. Bosi akikutaja anashusha sauti. Anasema ulikuja siku moja ukamwambia mashine haina ubaya, ubaya ni mkono wake."

"Kweli nilimwambia hivyo?"

"Alilia, mzee. Halafu akajifunza."

Siku nyingine Nevio angefurahi mwezi mzima kwa hadithi kama hiyo. Sasa aliutazama mlango. Akaona kinachokuja kabla hakijafika, na kikafika.

"Basi wewe ndiye utanionyesha mimi," alisema Quyen. "Sheria ya hapa dukani, hatumuuzii mtu mashine ambayo hajaipikia kahawa. Karibu, mzee. Nimeshawasha."

"Sina haja. Naiona tu, inatosha."

"Nenda bwana," alisema Glenda. "Tangu lini wewe ukaogopa mashine?"

Akajikaza. "Basi wewe nenda kule kaangalie vikombe," akamwambia. "Unanisonga hapa."

"Sawa," alisema Glenda, akaenda mwisho wa duka, kwenye rafu ya vikombe, akawapa mgongo.

Mpini wa mashine ile ulikuwa umekatwa kitako. Mpini wa kawaida una midomo miwili chini, na kahawa ikitoka vibaya midomo ile huificha aibu. Huu haukuwa na cha kuficha. Unaona chini ya kichujio chenyewe, kila tone linatoka wapi. Nevio alikuwa na wake, akitembea nao sandukuni. Alikuwa akiutoa pale kijana anapobisha. "Haya, pika na huu," humwambia, kisha husimama pembeni kifua mbele. Mganga hajigangi, lakini kuumbuliwa na dawa yako mwenyewe, hilo nalo ni jambo.

Alisaga. Alitia unga, mwingine ukamwagika mezani. Aliushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto kwenye kifundo, akakandamiza kishindilio, na akahisi kabisa kinavyolala upande, akashindwa kukiinua. Akaufunga mpini kwa kishindo. Akabonyeza maji.

Kwa muda wa kuhesabu mpaka tano hakukutokea kitu. Kisha kijito chembamba kikachomoka upande wa kulia, kikaruka juu ya kikombe, kikatua kwenye miwani ya Quyen. Kingine kikampiga Nevio kwenye sweta. Iliyobaki ikaingia kikombeni ikiwa ya rangi ya majani makavu, maji matupu.

Quyen alivua miwani akaifuta taratibu. Alikuwa ameutazama mkono. Alikuwa ameuona vizuri, kwa kuwa kazi yake ni kutazama mikono ya watu.

"Buni mpya hizi," alisema. "Bado zina hewa. Zinasumbua watu wote."

Ulikuwa uongo, tena wa huruma, na Nevio aliutambua mara moja kwa sababu katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kumpa mtu uongo kama huo. Aliona haya. Zaidi ya aibu hiyo, alimwonea uchungu yule bosi wa High Street.

"Ngoja na mimi nijaribu," alisema Quyen. Akasaga, akashindilia mara moja tu, akafunga. Kahawa ikajikusanya katikati ya kichujio, ikashuka uzi mmoja mzito, wa rangi ya asali iliyoiva, wenye kujipinda kidogo kama mkia wa panya. Ndivyo wenye kazi wanavyouita, mkia wa panya, na Nevio alikuwa hajauona nyumbani kwake tangu kiangazi. Akautazama mpaka ukakatika.

Vikombe viwili vya karatasi vikakaa kaunta, kila kimoja kina tone la maziwa juu. Quyen alitaka kumwaga kile cha Nevio, lakini Glenda alikuwa ameshafika, ameshika kikombe kidogo cha bluu alichokichagua rafuni.

"Mmenipikia mimi?" akauliza.

"Moja ya mzee, moja yangu," alisema Quyen, na mara akajuta, maana uso wa Nevio ulikuwa umebadilika.

"Ipi yake?"

"Onja tu," alisema Nevio. Sauti yake ilitoka kavu. Alipiga hesabu haraka: huyu ni mtu wa chai. Huyu kahawa yote ni kahawa. Atasema zote nzuri, tutacheka, tutalipa, tutarudi nyumbani, na kesho nitatafuta uongo mwingine. "Hatukuambii. Onja useme."

Glenda alionja ya kwanza, ya Quyen. Akaonja tena. "Hii nzuri sana," akasema, na lilikuwa jambo la ajabu, kwa kuwa Nevio hakuwahi kumsikia akitia neno sana kwenye kahawa.

Kisha akachukua ya pili. Hakuimeza hata vizuri.

"Hii ndiyo ya Nevio," akasema.

Mashine ikapumua mvuke.

"Umejuaje, mama?" Quyen akauliza, huku akijua hakupaswa kuuliza.

"Nainywa kila siku, nitaachaje kuijua?"

Akaiweka kando ile nzuri sana. Akaichukua ya Nevio, akainywa mpaka mwisho, pale amesimama, bila kukunja uso, kama alivyokuwa akifanya tangu Februari. Na Nevio akaelewa. Miezi minne yote, kila asubuhi, kile kikombe kilichorudi kitupu jikoni, kilirudi kitupu kwa sababu mtu alikuwa anakimaliza kwa makusudi. Ulimi wa chai! Hakukuwa na ulimi wa chai. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua; huyu aliumbuliwa na kahawa, na mbele ya mtu aliyekuwa ameshajua zamani.

Nevio akaitazama ile mashine nyeupe ya kidole kimoja.

"Fungasha ile," akamwambia Quyen. "Ile nyeupe."

"Hatuitaki," alisema Glenda.

"Glenda, umeionja mwenyewe."

"Nimeionja. Ile nyeupe hatuitaki. Kidole hata mimi ninacho, Nevio. Nikitaka kubonyeza nitabonyeza. Wewe utaamka kufanya nini?"

Quyen akakumbuka kwamba kuna maboksi ya kupanga huko nyuma, akaenda kuyapanga.

"Umejua tangu lini?" aliuliza Nevio.

"Tangu visahani."

"Nilikwambia visahani ni kazi ya kuosha."

"Wewe ulishaosha chombo lini?" Glenda akaweka kikombe cha bluu kaunta. "Mimi huamka kabla yako, siku zote, ila silisemi. Nalala macho wazi nakusikiliza. Unafungua kabati, unasaga, unatukana kinu. Halafu unakuja. Mwaka huu ukawa unakuja unagonga, ting ting ting, korido nzima. Nikasema ngoja, ataniambia. Siku moja kukawa kimya. Nikajua umeona kwamba nasikia."

"Ungesema."

"Na wewe ungesema. Uliniambia pampu! Nikasema haya, funika kombe mwanaharamu apite. Nikangoja useme, huku nakunywa."

"Ilikuwa mbaya?"

"Mume wangu, ilikuwa mbaya kupita kiasi," alisema Glenda, na kicheko kikamponyoka. "Kuna siku ya Aprili, ile uliyosema boila, nilidhani umenitilia siki."

Nevio naye akacheka, bila kutaka, macho yamemlowa. "Si wewe unayesema kahawa yote ni kahawa?"

"Nilisema mara moja. Mama yako alikuwa amenitolea macho, na kahawa yenu ilikuwa kali mno, ningesema nini? Hiyo hadithi ni yako, si yangu. Uliipenda, nikakuachia."

Kisha akashusha sauti, akamwambia yale yaliyobaki kwa haraka, kama mtu anayesoma orodha ya sokoni. Jumatatu saa nne Nevio ana miadi kwa daktari. Miadi hiyo Glenda ameiweka tangu wiki iliyopita. Hapana, haahirishi. Ndiyo, watakwenda wote wawili. Yawezekana ni maradhi yale ya baba yake, yawezekana si kitu cha maana, lakini kukaa gizani basi. Na supu, kama itafika siku ya supu, atamlisha nyumbani, pazia limefungwa, mtu asione.

"Unajua kuhusu supu," alisema Nevio.

"Nilikuwepo. Nilikuwa nakutazama wewe."

Nevio alisimama pale akishika ukingo wa kaunta. Alitaka kumwambia lile neno, na hakuwa amekunywa kitu. Likakwama. Akamshika mkono badala yake, kwa mkono wa kulia, ukatetemeka ndani ya wa Glenda, na safari hii hakuuvuta.

Quyen alipoona kumetulia akarudi na kitu kiganjani, hakusema ni cha nini. Kilikuwa kishindilio chenye pete pana kuzunguka. Pete inakaa juu ya ukingo wa kichujio, kishindilio kinashuka ndani yake, na hata ukikandamiza kwa kupepesuka hakipati nafasi ya kulala upande.

"Wengine huona ni cha wanafunzi," alisema.

"Mimi nimekuwa mwanafunzi," alisema Nevio. "Nipe."

Akajaribu. Mkono ulicheza, pete haikucheza. Alipobonyeza maji, kahawa ilijikusanya katikati, ikasitasita, ikashuka. Haikuwa mkia wa panya mnene, lakini ilikuwa mkia, na miwani ya Quyen ilibaki safi.

"Mashine basi hamchukui?" Quyen akauliza.

"Ya kwetu nzima," alisema Nevio. Ilimtoka kirahisi kuliko alivyodhani. "Haikuwahi kufa. Mashine haina ubaya, binti yangu." Kisha, baada ya kufikiri: "Msalimie bosi wako. Mwambie Tessarin anaomba radhi."

Walinunua kishindilio, na vile vikombe vya bluu, sita. Quyen akaanza kuvizungushia karatasi.

"Na visahani vyake," alisema Glenda.

"Glenda." Nevio alimnong'oneza. "Visahani vitagonga."

"Najua vitagonga. Nataka nikusikie ukija."

Jumapili asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, kikombe cha bluu kilitoka jikoni juu ya kisahani chake. Kiligonga mlangoni, kikagonga korido nzima, kikagonga kwenye kona ya bafu, na robo ya kahawa ikamwagikia kisahanini. Nevio alitukana kwa Kiitaliano, akaendelea kutembea. Alipofika chumbani, Glenda alikuwa ameshakaa kitako kitandani, amenyoosha mikono yote miwili kumpokea.